Nani Atamtumia Nani

Kabla ya kuwasha kamera, kuna swali lenye faida kuliko lile la "nifanye nini itrendi?" Nalo ni hili: nani atamtumia nani video hii, na ataandika maneno gani chini yake? Mtu anayerusha video kwenye grupu la WhatsApp la familia ana neno lake la kusema, na video imemrahisishia kulisema. "Dada, huyu si ndiyo wewe ukidai chenji?" "Baba Juma, fundi wetu huyu hapa." "Wifi, tazama hii kabla ya Jumamosi." Video isiyompa mtu neno la namna hiyo inaweza kupendeza sana, ikapata laiki za ndugu na jamaa, ikafia hapo hapo.

Ndiyo maana kazi nzuri huanzia kwenye daftari. Andika kwanza sentensi ya mtumaji, mstari mmoja tu, ndipo uandike yatakayosemwa kwenye video. Zikija sentensi tatu tofauti, jua umebananisha video tatu ndani ya moja, zitenganishe. Isipokuja hata moja, iache mada hiyo ipumzike, hata kama umeipenda.

Majukwaa yenyewe yamekwisha kusema mengi kuhusu wanavyopima. Juni 2020 TikTok ilieleza hadharani mambo yanayoamua nani aone nini: video ulizotazama mpaka mwisho, ulizopenda, ulizoshea na akaunti unazofuata, halafu maelezo ya video, sauti na alama za reli (#), kisha, kwa uzito mdogo zaidi, lugha, nchi na aina ya simu. Ilisema pia kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja. Desemba 2021 gazeti la New York Times liliandika kuhusu waraka wa ndani wa kampuni hiyo wenye kanuni iliyorahisishwa: chukua uwezekano wa mtu kupenda video, uzidishe kwa thamani ya kupenda, ongeza uwezekano wa kutoa maoni mara thamani yake, ongeza muda anaotarajiwa kutazama mara thamani yake, ongeza uwezekano wa kuicheza mara thamani yake. Yaani mashine inakaa inabashiri tabia ya mtu mmoja mmoja, kisha inajumlisha. Na Januari 2025 Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alitaja vitu vitatu vikubwa: muda wa kutazama, laiki kulingana na idadi ya waliofikiwa, na mara ilizotumwa kulingana na idadi hiyo hiyo. Akafafanua kwamba laiki zina uzito zaidi kwa watu wanaokufuata tayari, na kutumwa kuna uzito zaidi kwa wale wasiokujua.

Hapo pana kazi nzima. Video hupelekwa kwanza kwa kundi dogo la watu. Wakiipokea vizuri, inapelekwa kwa kundi kubwa zaidi, na kubwa zaidi tena. Mlango wa kwanza ni watu kubaki. Mlango wa pili, ule unaotoa video nje ya ua wako, ni watu kuituma. Watengenezaji wengi hukazana na mlango wa kwanza peke yake. Wanajifunza ujanja wa kumshika mtu, wanamshika kweli, lakini akimaliza hana la kufanya nayo.

Tuanze na huko kubaki, maana ndiko kunakopotelea wengi.

Adui wa kwanza wa video fupi ya Kiswahili ni adabu yetu. Tumelelewa kusalimia kwanza. Mtu hafiki barazani akaanza hoja bila hodi wala "hamjambo". Kwenye simu, hesabu inakataa. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na kwa mwendo wa kawaida msemaji hutoa kama mawili hadi mawili na nusu kwa sekunde. Sasa pima hii: "Hamjambo wapendwa, karibuni tena katika chaneli yangu, kwa majina naitwa fulani, na leo nitawaletea..." Maneno kumi na manne, sekunde sita hivi, na mtazamaji bado hajui amekuja kufanya nini. Kidole chake kilishapitiliza tangu "karibuni tena". Salamu si lazima ife. Iweke katikati ukitaka, au iandike kwenye maelezo ya chini. Sekunde mbili za kwanza ni za jambo lenyewe, na ndani yake hayaingii zaidi ya maneno manne au matano.

Chukua video ya kufundisha chapati, kwa sababu kila mtu ameiona ya namna hii. Ina sekunde 90. Tano za kwanza salamu. Kumi zinazofuata ni sifa za chapati, kana kwamba kuna mtu anayezichukia. Halafu unga unapimwa taratibu, unakandwa kwa muda wake halisi, karibu nusu dakika nzima ya ngumi kwenye bakuli. Mwisho kabisa, sekunde ya 85, chapati inachanwa na tabaka zinaonekana. Kitu kizuri kuliko vyote kimewekwa mahali ambapo hakuna aliyebaki kukiona.

Picha zile zile zikikatwa upya zinatosha sekunde 34. Sekunde 0 hadi 2: mikono miwili inaichana chapati, mvuke unatoka, sauti ni ya jikoni tu, na maandishi juu yanauliza, "Chapati zinakauka upesi?" Sekunde 2 hadi 6, sauti: "Sababu ni mbili. Unga mgumu, moto mdogo." Hapo mtazamaji ana deni: ametajiwa mbili, atataka kuziona zote mbili. Sekunde 6 hadi 14: kilo moja ya unga, mililita 600 hivi za maji ya uvuguvugu, mafuta vijiko vitatu, kisha kidole kinabonyeza donge ili uone ulaini unaotakiwa. Huko kubonyeza kusikatwe, maana ndiko kunakofundisha. Kukanda kote kunatosha sekunde moja na nusu. Sekunde 14 hadi 22: bakuli linafunikwa, maandishi yanasema "dakika 30", linafunuliwa, donge linasukumwa, linapakwa mafuta na kukunjwa. Sekunde 22 hadi 30: kikaango kimeshika moto, chapati inageuzwa mara tatu, na msemaji anaeleza kwamba moto mdogo huiweka chapati jikoni muda mrefu mpaka maji yake yote yakauke. Sekunde 30 hadi 34: chapati iliyokwisha poa inakunjwa mara nne mkononi, haikatiki, na mikono inaanza kuichana. Inapochanwa ndipo video inapokwisha, na ikijirudia yenyewe inaunganika na picha ya kwanza bila mtu kuona mshono. Wengine watatazama mara ya pili kabla hawajagundua.

Na sentensi ya mtumaji? "Mdogo wangu, acha kununua za dukani, tazama." Dada mtu kwa mdogo wake aliyepanga chumba juzi.

Baada ya kuposti, acha kuhesabu laiki. Fungua grafu ya wanaobaki. TikTok, Instagram na YouTube zote zinayo. Mstari ukiporomoka kama genge ndani ya sekunde mbili, kasoro iko kwenye picha ya kwanza au sentensi ya kwanza, na haina maana kuhangaika na mwisho. Ukishuka taratibu kama mteremko wa barabara, mada imekubalika ila vipande ni virefu. Punguza kila kimoja kwa robo. Ukikuta shimo mahali pamoja, nenda kwenye sekunde hiyo uangalie: mara nyingi utakuta msemaji amerudia jambo, au ametamka kitu kama "kabla sijaendelea", au video imeonekana kama imekwisha. Neno "kwa hiyo" likisemwa kwa sauti ya kushuka linatosha kuwafukuza watu. Masikio yanasikia kwaheri. Na mstari ukipanda katikati kama kichuguu, watu wamerudi nyuma kutazama tena. Hapo pana dhahabu. Kipande hicho ndicho picha ya kwanza ya video yako ijayo.

Kuhusu urefu, asilimia peke yake hudanganya. Video ya sekunde 15 iliyotazamwa kwa wastani wa sekunde 12 ina asilimia 80. Ya sekunde 40 iliyotazamwa kwa wastani wa sekunde 22 ina asilimia 55, lakini imemshika mtu karibu mara mbili ya ile. Vyote viwili vina uzito, kwa hiyo linganisha video na wenzake wa urefu mmoja. YouTube iliruhusu Shorts, yaani video zake fupi, kufika dakika 3 kuanzia Oktoba 2024, na tangu hapo watu wamekuwa wakivuta sekunde 50 za maudhui zijaze dakika tatu. Ruhusa si amri. Tena tangu 31 Machi 2025 YouTube huhesabu kutazamwa kila Short inapoanza kucheza au kujirudia, hata mtu akipitiliza papo hapo, kwa hiyo namba kubwa juu ya video si ushahidi wa mengi. Ndani ya takwimu kuna hesabu ya waliotazama dhidi ya waliopitiliza. Hiyo ndiyo ya kuangalia.

Upande wa vifaa tutapita haraka, kasoro zinazoua ni chache. Picha iwe ya wima, pikseli 1080 kwa 1920. Usiweke maandishi chini kabisa wala ukingoni kulia. Majina, maelezo na vitufe vya jukwaa vinayafunika. Acha takriban pikseli 400 chini, 250 juu, na 150 kulia. Ukirekodi ndani kwa taa za LED za bei nafuu utaona mistari ikipanda na kushuka ukutani. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo zinawakawaka mara 100 kwa sekunde, na kamera ya fremu 30 kwa sekunde hailingani nazo. Weka fremu 25, na funga shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) kwenye sekunde 1/50 au 1/100, mistari itapotea. Kwenye iPhone zima HDR (mpangilio wa kupanua mwanga na rangi), la sivyo nyuso zinaweza kutoka zimepauka au zimewaka kupita kiasi baada ya kupandishwa.

Sauti ina dhambi kubwa kuliko picha. Mtu atavumilia picha yenye chembechembe, ila hatavumilia mwangwi wa chumba kitupu. Maiki ya kubana kwenye kola, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, inatosha. Huna maiki? Sogea karibu na simu, ingia chumba chenye mapazia na godoro. Muziki uwe chini ya sauti ya msemaji kwa desibeli 15 hivi au zaidi. Na weka maandishi ya maneno yote, kwa sababu mtazamaji yuko kwenye daladala au matatu, hana spika za masikioni.

Halafu kuna hili la WhatsApp, ambalo limeharibu kazi nyingi kimyakimya. Mpiga picha anamtumia mhariri klipu kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaibana, mhariri anaihariri, jukwaa linaibana tena. Matokeo ni uso kama umepakwa uji. Tuma klipu kama hati, si kama video, au itoe kwa kebo. Na usichukue video yenye nembo ya jukwaa moja ukaipandisha kwenye jingine. Instagram ilitangaza tangu 2021 kwamba video zenye nembo ya programu nyingine zitapunguziwa nafasi ya kupendekezwa. Hifadhi nakala safi kabla ya kuposti popote.

Sasa turudi kwenye mlango wa pili, na hapa mfano bora umetoka nyumbani. Kili Paul na dada yake Neema Paul, kutoka mkoa wa Pwani, walijulikana duniani mwaka 2021 kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo huku wamevaa mavazi ya Kimaasai. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimtunuku Kili, na tarehe 27 mwezi huo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja ndugu hao katika hotuba yake ya redio. Wengi walioiga walichukua shuka na nyimbo, wakashangaa haikufanya kazi.

Tazama kilichokuwamo. Picha ya kwanza tayari ina mgongano: shuka nyekundu, uwanja wa kijijini, na midomo inayotamka Kihindi kwa usahihi. Hakuna haja ya maelezo, mtu anaelewa kabla ya sekunde moja kwisha. Fremu ni ile ile video baada ya video, kwa hiyo mtu aliyekutana nayo mara moja anaitambua mara ya pili bila kusoma jina. Wimbo tayari una mamilioni ya watu wanaoujua na kuupenda. Na kubwa kuliko yote, swali letu lina jibu safi: anayetuma ni Mhindi, anayetumiwa ni Mhindi mwenzake, na maneno ni "tazama wimbo wetu umefika wapi." Video iliwapa watu sababu ya kujivunia kilicho chao. Wasambazaji wake hawakuwa Watanzania. Mwigaji aliyechukua shuka bila kuuliza nani anajivunia nini alibaki na shuka.

Khaby Lame naye, Msenegali aliyekulia Italia, ambaye Juni 2022 alishika nafasi ya kwanza kwa wafuasi kwenye TikTok, alikata kikwazo cha lugha kwa njia nyingine: hasemi kitu. Anaonyesha jambo lililotatizwa bure, analifanya kwa njia rahisi, ananyoosha mikono. Kila mtu duniani anamjua mtu mmoja anayetatiza mambo, na huyo ndiye anayetumiwa.

Kiswahili chenyewe kinavuka mipaka, lakini si bila ajali. Video ya Dar ikisema "shilingi elfu tano" inatazamwa Nairobi, na maoni yote yanageuka kuwa ugomvi wa bei. Wapo wanaoufurahia ugomvi huo kwa sababu maoni yanahesabika. Ukiuza kitu, hata hivyo, utachoka kujibu. Sema "za Kitanzania" au andika kiasi na alama ya fedha kwenye kioo. Msamiati wa mtaa mmoja pia uupime: wa Lubumbashi na wa Muscat watakufuata vizuri kwenye Kiswahili cha kawaida, ila utani wa kijiweni utawaacha njiani.

Na kiki, yaani vituko vya kutafuta gumzo? Inafanya kazi, tusidanganyane. Utafiti wa Jonah Berger na Katherine Milkman uliochapishwa 2012, uliopitia karibu makala 7,000 za New York Times, ulikuta kwamba hisia zinazochemsha mwili, kama mshangao, hasira na wasiwasi, husambaza zaidi, na huzuni inayolegeza hupunguza. Hasira ni rahisi kuliko mshangao kuipata kwa bei nafuu, ndiyo sababu mtandao umejaa watu wanaojifanya wamepigana. Tatizo la kiki ni nani inakuletea. Watu waliokuja kutazama ugomvi hawatatazama chapati. Video yako inayofuata itapelekwa kwao kwanza, wataipitiliza, na grafu itaporomoka tangu kundi la kwanza. Kununua watazamaji na wafuasi kunaleta msiba ule ule. Hata kuwaomba ndugu arobaini waifungue video kuna hasara, kama wanafungua, wanapiga laiki na kutoka baada ya sekunde tatu.

Mambo mengine madogo yanayogharimu: akaunti ya biashara kwenye TikTok ina maktaba yake ya muziki ulioruhusiwa kibiashara, na ukilazimisha wimbo maarufu sauti inaweza kuzimwa video ikiwa inapanda. Kufuta video yenye mwanzo mbaya na kuiposti upya ile ile hakusaidii. Badilisha sekunde tatu za kwanza ndipo urudi. Usiifute mapema vilevile, kwa kuwa zipo zinazolala siku kadhaa kisha zikaamka. Instagram tangu mwishoni mwa 2024 ina Reels (video zake fupi) za majaribio, zinazoonyeshwa kwanza kwa wasiokufuata, kwa akaunti zinazokidhi masharti. Ni mahali pazuri pa kupima mianzo miwili ya video moja. Na uso wa mteja au wa mtoto wa mtu usiurekodi bila ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na video ikishasambaa huwezi kuirudisha kwenye simu za watu.

Ikianza kupanda, kazi ndiyo imeanza. Bandika juu maoni yenye swali linaloulizwa sana, lijibu kwa video fupi siku hiyo hiyo au kesho yake, na usiguse mada nyingine kwanza. Kisha soma maoni yote ukitafuta majina yaliyotajwa: nani anamwita nani. Linganisha na ile sentensi ya daftarini. Uliandika dada kwa mdogo wake, lakini kumbe wanaotajana ni mama lishe na wasaidizi wao, wanauliza kama unga ule utakaa mpaka saa nne bila kuchacha. Basi video ya pili ni yao: unga kilo kumi, madonge yamepakwa mafuta na kufunikwa kwenye sinia, kikaango kipana cha chapati tatu kwa mpigo, na picha ya kwanza ni rundo la chapati linaloinuliwa kutoka kwenye hotipoti, ya chini kabisa ikiwa bado inakunjika.